Vyuma vya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hajawahi kukubali kitu nilichomchagulia mimi. Viatu nikimnunulia, vinabana. Viatu hivyo hivyo akivinunua mwenyewe, vinakaa vizuri mpaka anavisifia kwa majirani. Tumeishi nyumba moja tangu niolewe na mwanawe wa pili, tumefanya kazi moja ya udobi chini ya paa moja la bati nyuma ya nyumba, na sikumbuki siku iliyopita bila sisi wawili kuvutana: kama si sabuni, ni maji, kama si maji, ni namna ya kukunja shati. Mtaani wanadhani hatupendani. Waache wadhani.

Nayasema haya mapema ili mjue kwamba siku nilipoambiwa Mama anahama, kila mtu alitarajia nipige vigelegele. Mimi nilikwenda nyuma ya tangi la maji nikalia mpaka macho yakavimba.

Yote yalianza na povu. Nilikuwa nimekwenda kununua sabuni, Mama akateleza kwenye sakafu ya saruji karibu na makaro ya kufulia, akakaa kitako. Niliporudi nilimkuta pale pale, mgongo ameegemeza kwenye karo, sketi imelowa chapachapa, anapanga soksi za wateja jozi kwa jozi, zile alizoweza kuzifikia.

"Mama, mbona umekaa hapo?"

"Napunga upepo."

"Kwenye maji?"

"Wewe nipe mkono, maswali utauliza baadaye."

Hospitalini picha zilionyesha mifupa yote mizima. Lakini daktari wa viungo, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha, hakuridhika na picha. Alimketisha Mama kwenye mkeka sakafuni, akamwonyesha njia: geuka upige magoti, leta mguu mmoja mbele, kanyaga, sukuma, simama. Mama akageuka, akapiga magoti, akaleta mguu mbele, akakwama. Akajaribu tena, akakwama pale pale. Akasema sakafu ya hospitali inateleza.

"Haitelezi," alisema daktari. "Mapaja yako ndiyo yamelala, Mama. Na misuli haiamshwi kwa dawa ya chupa, inaamshwa kwa uzito. Tafuteni vyuma, mviweke nyumbani, anyanyue."

Shemeji yangu, yaani mtoto wa kwanza wa Mama, alikuwepo. Shemeji ni mhasibu. Ana tai, ana gari, ana tumbo, na ana huruma ambayo ikishamshika haisikilizi mtu. Kabla hatujafika nyumbani alikuwa ameshakata shauri.

"Mama anahamia kwangu. Nyumba haina ngazi, msichana wa kazi yupo, chumba nimeshaanza kukipaka rangi."

"Nikikaa kwako nitafanya nini?" aliuliza Mama.

"Utapumzika."

"Nikishapumzika?"

Shemeji akawasha redio ya gari.

Walivutana siku kadhaa. Mwisho wakaafikiana, kwa sababu shemeji alikuwa anasafiri kikazi kwa miezi mitatu na Mama hakukubali kufungashiwa mizigo mwenye nyumba hayupo. Mkataba ulikuwa hivi: shemeji akirudi, Mama atakaa sakafuni mbele yake na atainuka. Akiinuka, abaki na makaro yake. Akishindwa, anapanda gari siku hiyo hiyo.

"Bila kushikwa na mtu," alisema shemeji, kidole juu. "Sitaki ujanja."

"Bila kushikwa na mtu," Mama akaitikia.

Sasa niwaambie kwa nini nililia. Mashine ya kufulia tunayo, lakini blanketi zito inalizungusha tu, haikamui. Blanketi linataka watu wawili. Mmoja ashike huku, mwenzake kule, mmoja anyonge kulia, mwingine kushoto, halafu wote wawili waegemee nyuma mpaka tone la mwisho. Miaka yote hiyo upande wa pili wa blanketi langu alikuwa Mama. Pale ndipo tulipogombana vizuri, ndipo tulipowasengenya wateja, ndipo aliponiambia ana furaha kwamba mwanawe alinioa mimi na si yule mwingine. Tangu aanguke nilikuwa nalizungushia blanketi kwenye nguzo na kulinyonga peke yangu. Nguzo haijui umbeya hata mmoja, na maji hayaishi.

Basi vyuma. Mume wangu alitaka tuagize kwa simu, picha zipo, bei zipo. Mama akamtazama kama amependekeza tuagize meno.

"Nitachagua mwenyewe."

"Mchagua jembe si mkulima, Mama," nikamwambia.

"Na asiyechagua huota malengelenge. Vaa viatu twende."

Duka lenyewe lilikuwa kati ya duka la dawa na duka la rangi, kuta zote vioo, kwa hiyo kila ukigeuka unakutana na wewe mwenyewe ukiwa umekunja uso. Muuzaji alikuwa mtu wa makamo hivi, kifua kimemtangulia mlangoni. Sikumuuliza jina, nikamwita Kifua kimoyomoyo, na baadaye Mama akamwita hivyo hivyo waziwazi wala hakukasirika.

"Karibu dada," akaniambia mimi. "Unataka kupunguza nyonga?"

Nilikuwa na jibu lake tayari, na halikuwa zuri, ila Mama aliniwahi.

"Mnyanyuaji ni mimi. Huyu amekuja kubeba mfuko."

Tukaanza na benchi. Kifua alituonyesha moja jekundu, linakunjwa, linalala, linasimama. Mama hakulikalia. Aliligeuza tumbo juu, akatafuta mshono, akaupitishia ukucha.

"Mshono wa mara moja," akasema. "Na hii ngozi ya bandia jasho litaila. Nipe lile la kule."

Lile la kule lilikuwa fupi, pana, baya, limevikwa turubai lililoshonwa mara mbili. Mama akalikalia, akaruka ruka kidogo, benchi likanyamaza. Akasema hilo linajua adabu.

Vyuma vya mkono vilikuwa vimepangwa ukutani kuanzia vidogo. Vile vinavyong'aa kama vijiko alivikataa kwa sababu mikono yetu muda wote ina sabuni. Vya duara alivikataa kwa sababu sakafu yetu imeinama kuelekea kwenye mfereji na cha duara chochote hujipeleka majini. Vilibaki vile vyeusi vilivyovishwa mpira, vyenye pembe, ukikiweka chini kinakaa. Hapo hata Kifua alitikisa kichwa kukubali. Nikaanza kuona fahari. Fahari yangu haikudumu, maana Mama alikwenda moja kwa moja kwenye jozi ya mwanzo kabisa, ya kilo moja moja, akaikumbatia.

"Hivi hapa. Tumemaliza."

"Mama, hivyo ni vyepesi."

"Ndiyo uzuri wake."

"Hata mfuko wa sabuni unavizidi!"

"Sikiliza, mwanangu. Nimebeba mizito maisha yangu yote bila kuulizwa. Leo nimeulizwa. Mtu mwenye akili zake akiambiwa achague mzigo, atachagua mzito?"

Nilipandwa na jazba pale pale mbele ya vioo. Nikamwambia kama ni hivyo tununue vijiko, nikamwambia miezi mitatu si mingi, nikamwambia shemeji ameshapaka rangi. Hilo la mwisho lilinitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Mama akaangalia vile vyuma vidogo mikononi mwake.

Kifua alikuja taratibu, akachuchumaa mbele yake. "Mama, hapa duniani kwetu mambo yako kinyume kidogo. Mzigo mzuri ni ule ukiunyanyua mara nane, ya tisa unakuomba uache, ya kumi unakupigia magoti. Ukiona umefika kumi na bado unapiga soga, huo haukufai."

"Na nitaujuaje?"

"Utaujaribu. Kwani kazini ulikuwa unashika nini kizito?"

"Pasi ya mkaa," alisema Mama. "Kabla ya umeme kufika. Mchana kutwa."

Akaviweka chini vile vidogo. Akajaribu jozi ya pili, akapiga soga. Akajaribu ya tatu, akaendelea kupiga soga, ila maneno yakaanza kukatika. Ya nne akanyamaza kabisa kwenye mara ya saba, na kumnyamazisha Mama si kazi ndogo. Tukachukua ya pili na ya nne.

Tulikuwa tunaelekea kulipa alipokiona kile chuma cha pembeni. Cheusi, cha mviringo chini lakini kitako bapa, na mpini mnene juu, mithili ya birika lisilo na mdomo.

"Na hili birika linachemsha nini?"

"Hilo ni kilo kumi, Mama. Hilo la baadaye."

Mama akainama, akalishika mpini kwa mikono miwili, akavuta. Birika likatoka sakafuni kidogo sana, likarudi. Akasimama anahema, macho yanang'aa.

"Nalichukua."

"Nimesema la baadaye."

"Mimi mtu wa baadaye, mwanangu? Funga."

Kifua alicheka mpaka akashika kaunta. Mwisho tulibakiza mipira ya kuvuta, ile mirefu kama mkanda. Kifua alimpa Mama mmoja auone. Mama akashika ncha moja, mimi bila kufikiri nikashika ya pili, na kabla yule maskini hajasema lolote tulikuwa tumeshaanza: mimi kulia, Mama kushoto, tumeegemea nyuma, tunaukamua.

"Hapana, mama zangu, hapana, haukamuliwi—"

Ukaniponyoka. Mpira uliruka juu ya kaunta ukaipiga ile sanamu ya dirishani iliyovikwa nguo za mazoezi, kichwa cha sanamu kikang'oka kikabingirika hadi mlangoni. Mteja aliyekuwa anaingia aligeuza akarudi alikotoka. Tulinunua mipira miwili, kwa aibu.

Kesho yake gari la mizigo lilisimama mbele ya nyumba. Shemeji, huko huko safarini, alikuwa ametuma zawadi: mashine ya mazoezi yenye kiti, nyaya, magurudumu na nguzo nne, ya ukubwa wa kabati la nguo. Haikuingia mlango wa mbele wala wa nyuma. Mume wangu na wale wabebaji waliigeuza kila upande mpaka wakaanza kulaumiana.

"Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi," alisema Mama, akarudi kupiga pasi.

Ikabaki uani chini ya bati. Baada ya siku mbili niligundua nyaya zake zinakaa mashati kumi na sita bila kugusana, na tangu hapo haikukosa kazi.

Jimu yetu tuliiweka kwenye chumba cha nguo zisizochukuliwa. Kila dobi ana chumba hicho. Mlikuwa na suti ya harusi ambayo mwenyewe hakurudi, sijui kama alioa kwa shati tupu, na mapazia ya watu waliohama, na gauni ambalo Mama ananituhumu nalimezea mate. Tulivipandisha vyote darini, tukatandika mkeka wa mpira, tukaweka benchi.

Kisha Mama akatoa kopo la nyuzi. Hapa lazima nieleze. Sisi hatuandiki majina ya wateja. Kila mteja ana uzi wake, unapita kwenye pindo la nguo na kwenye mdomo wa mfuko: mwekundu wa mama wa saluni, buluu wa nyumba ya wageni, kijani wa Mwalimu Mkuu mstaafu anayekaa ghorofani mwisho wa mtaa. Mume wangu anayepeleka mizigo haangalii kilichomo, anaangalia uzi. Na Mama hawezi kukaa chumba kimoja na kitu kisicho na uzi, kinamwasha. Vyuma vyepesi akavifunga uzi mweupe. Vya kati, njano. Birika alilishonea kabisa mfuko wa shuka la zamani, lisije likachubua sakafu, na mdomoni akapitisha uzi wa kijani.

"Kwa nini kijani?"

"Kwa sababu bado halijaiva."

Wala mimi, dobi wa miaka yote hiyo, sikuwaza mbali zaidi ya hapo.

Tukaanza. Kila asubuhi kabla ya makaro, Mama alishuka mpaka matako yaguse benchi, akapanda, akashuka. Mimi nikihesabu.

"Saba."

"Nane hiyo!"

"Ile nyingine hukushuka, uliinama tu."

"Wewe unahesabu kama mwenye duka."

"Jikaze kisabuni, Mama. Saba."

Alinitukana kwa sauti ya chini, akashuka. Wiki za kwanza uzi mweupe ulimtoa jasho. Kisha siku moja nikamkuta ananyanyua uzi mweupe huku anaongea na simu, nikamnyang'anya nikampa njano. Mume wangu naye alijaribu siku moja, kwa kujionyesha, akatembea ameinama mpaka Jumapili. Mama alianza kubeba tena ndoo zake. Alianza kupanda darini kuhakikisha sijavaa lile gauni. Birika alikuwa analinyanyua mpaka magotini, halafu mpaka kiunoni, halafu akaanza kuzunguka nalo uani akilibadilisha mkono.

Lakini sakafu. Kila jioni tulifanya lile la daktari, na kila jioni alifika pale pale: magoti chini, mguu mmoja mbele, anakanyaga, anatetemeka, halafu mkono wake unanyooka wenyewe hewani kunitafuta. Nami nampa. Nilikuwa najiapiza kwamba leo simpi, na nikiona vile vidole vinapapasa hewani nampa. Wiki ya mwisho ilifika, hajainuka peke yake hata mara moja. Sikulala vizuri. Yeye naye alikuwa mpole, hakunigombeza juu ya sabuni siku mbili mfululizo, na hilo lilinitisha kuliko yote.

Siku yenyewe shemeji alipiga simu asubuhi kwamba yuko njiani. Nikaloweka blanketi za nyumba ya wageni ili mikono ipate kitu cha kufanya. Nilipokwenda jimu kumwita Mama tufanye la mwisho la kujipima, hakuwemo. Hakuwemo chumbani, hakuwemo darini, hakuwemo uani. Na Birika halikuwepo.

Gari la shemeji likasimama nje.

"Shemeji, habari za siku nyingi. Mama yuko wapi?"

"Yupo," nikasema.

"Wapi?"

"Yupo tu, shemeji, karibu, kaa, unywe maji."

Mume wangu akaingia na baiskeli yake, anafuta jasho. "Kaka! Umefika! Afadhali, nimechoka. Mzigo wa Mwalimu leo ulikuwa mzito jamani, mifuko miwili, mmoja nikadhani mmefua mapazia hamjakamua."

Mifuko miwili. Mwalimu alikuwa na mfuko mmoja. Nilimwangalia mume wangu, nikataka kumpa za uso, nikakosa pa kuanzia.

"Mama yuko wapi?" shemeji akauliza tena, sasa kwa sauti ya mtu anayetafuta namba ya hospitali.

Ndipo tukamwona. Alikuwa anashuka na mtaa, katikati ya barabara, mfuko wa shuka unaning'inia mkono wa kulia. Akifika kwenye nguzo ya umeme anasimama, anahamisha mkono, anaendelea. Fundi viatu wa pembeni alimsalimia, akajibu bila kupunguza mwendo. Shemeji alitoka mbio, tai imemrukia begani.

"Mama! Nani kakubebesha? Lete!"

Akaunyakua ule mfuko kwa mkono mmoja, kama mtu anayepokea nguo. Bega likamshuka, nusura apige goti barabarani.

"Mama, hiki ni nini?"

"Birika. Lete, utaliangusha." Akamnyang'anya, akaingia nalo ndani, huku anamsema mwanawe mdogo. "Wewe na nyuzi zako! Kila chenye kijani unabeba! Mwalimu kanipigia simu, ananiuliza tangu lini ana suti ya kilo kumi. Nimepanda ngazi zake zote, nikashuka zote. Nawe, mwanamke, hukuisikia simu ikilia?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kumkumbatia, ila shemeji alikuwa ameshavua koti. Uso wake haukuwa wa mchezo. "Nimefurahi, Mama. Kweli nimefurahi. Lakini makubaliano ni makubaliano. Kutembea hukuwahi kushindwa. Siku ile ulikaa kwenye maji, na mimi nilikuwa mbali, na sijaisahau." Hapo nilimwelewa shemeji, pamoja na tai yake. Alikuwa anaogopa, kama mimi.

"Haya," alisema Mama. Akaweka mfuko chini, akautoa ule uzi wa kijani, akauvuta ule mfuko ukabaki umekunjika kuzunguka Birika. Kisha akakaa sakafuni palepale kwenye ukumbi, kitako kizima, akanyoosha miguu.

Akageuka. Akapiga magoti. Akaleta mguu wa kulia mbele, akakanyaga. Paja likaanza kutetemeka chini ya sketi, kama kila jioni. Mkono wa kushoto ukatoka, ukapapasa hewani.

Nilijikalia mikono. Sisemi kwa mfano, nilikaa juu ya benchi la viatu nikaikalia mikono yangu miwili.

"Basi, Mama," alisema shemeji, akapiga hatua. "Basi, inatosha, usijiumize."

"Usimguse!" Sijui sauti ile ilitoka wapi. Mume wangu alirudi nyuma hatua nzima, na hata hakuwa yeye niliyemwambia.

Mkono wa Mama ukaendelea kutafuta, ukanikosa, ukashuka. Ukakuta mpini wa Birika. Ukaushika. Mama akaliangalia lile birika kama vile ndiyo kwanza anatambulishwa kwake. Kisha akaliegemea, akasukuma sakafu kwa mguu, uso ukamwiva, matusi yale ya sauti ya chini yakaanza kumtoka moja baada ya jingine, matako yakapanda, goti la pili likaacha sakafu, na mgongo ukaanza kunyooka. Hakuliachia Birika. Akainuka nalo. Akasimama wima katikati ya ukumbi, kilo kumi mkononi, anahema kama aliyeshinda mbio.

Halafu shemeji akafungua mdomo, na mimi namjua, ni mhasibu.

"Bila kushikwa na mtu," nikamwahi. "Maneno yako mwenyewe, shemeji, na kidole juu. Birika si mtu."

Shemeji akafunga mdomo. Akaenda akamkumbatia mama yake, Birika likiwa katikati yao, akabaki pale muda. Nilimwona anafuta macho kwa ncha ya tai.

"Chumba nimeshapaka rangi," akasema, kinyonge kabisa.

"Vizuri," alisema Mama, akampapasa tumbo. "Mashine yako iko uani. Itoe mashati, uiweke humo, uanze. Nitakuja Jumamosi kuhesabu."

Mimi nilikuwa bado nimekalia mikono yangu, na machozi yalikuwa yananidondokea mapajani bila mtu wa kuyafuta. Mama akanigeukia.

"Wewe nawe unalia nini? Blanketi za watu umezitupa kwenye maji tangu asubuhi. Njoo ushike upande wako."

Nikaenda. Tukalitoa la kwanza kwenye karo, zito, linachuruzika. Akashika kule, nikashika huku. Mimi kulia, yeye kushoto, tukaegemea nyuma. Maji yalitoka mengi kuliko nguzo ilivyowahi kuyatoa, na nikaona miguu yangu inaanza kuteleza kumfuata.

"Kaza!" akaniambia kutoka upande wa pili. "Jikaze kisabuni, au na wewe nikakununulie vyuma?"

"Nikivihitaji nitachagua mwenyewe."

"Utachagua vibaya," akasema, akazidi kuvuta.